Mtulivu wa Kanisius

Ukiuliza, hupati hata mmoja. Hilo nililijua tangu siku nilipopewa kishikwambi cha kuhesabia watu, na ndiyo maana sikuwahi kuuliza. Hesabu ya kwanza ya kifafa kwa watu wazima wa Mbelenga ilifanywa na vijana kutoka mjini, wamevaa fulana zinazofanana, wakapita nyumba kwa nyumba wakisoma swali kama lilivyoandikwa: je, katika kaya hii kuna mtu mzima mwenye kifafa? Wakajibiwa hakuna, karibuni uji. Kijiji cha watu wazima elfu moja mia moja na themanini, wakarudi na watu tisa. Na katika hao tisa, wawili walikuwa wameshakufa, ndugu zao wakaona hakuna ubaya tena kuwataja.

Mwaka uliofuata wakanipa kazi mimi. Naitwa Eufrasia, wengi wananiita Mama Nolasko. Ni mhudumu wa afya wa kitongoji, na mume wangu Kanisius anaanguka. Tuseme alikuwa anaanguka. Kwa hiyo nyumba zenye mtu wa namna hiyo nazijua. Nikiingia naomba maji ya kunywa, nakaa jikoni, naangalia vyombo. Sahani zote zimepangwa kwenye kichanja, moja imetengwa peke yake kwenye msumari ukutani. Hiyo ni sahani ya mtu anayeanguka, maana watu wetu wengi mpaka leo wanaamini mate yake yanaambukiza. Basi naanza kuongea na mwenye nyumba taratibu, habari za huyo anayekula peke yake, na mwisho ananiambia. Nilirudi na watu arobaini na saba, yaani karibu arobaini kwa kila elfu. Wataalamu wakadhani nimekosea, wakatuma mtu kuhakiki, naye akapata arobaini na nane, kwa sababu mimi nilikuwa nimesahau kumwandika mume wangu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotuletea mnara.

Waliusimika kwenye kilima cha zahanati, na kwa kila mtu aliyeandikwa kikaja kifungo cha kubandika nyuma ya sikio. Kifungo kinasikiliza ubongo. Mtu akikaribia kuanguka, mapigo ya ubongo wake yanaanza kugonga yote kwa mkupuo mmoja kabla mwenyewe hajajua lolote. Kifungo kinapeleka habari mnarani, na mnara unachota mapigo ya mtu mwingine aliye shwari, mwenye kifungo chake, unammwagia huyu. Kishindo kinavunjika kabla hakijaanza. Huyo anayeazimisha utulivu wake anaitwa mtulivu. Haumii wala hachoki, anaendelea kupepeta mchele wake. Sharti moja tu, mapigo ya hao wawili yaendane, na kuendana huko hakufuati ndoa wala damu. Mashine inapima.

Nilikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti cha kupimwa. Nilinyoa nywele za nyuma ya masikio yote mawili, nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimemshika yule mwanamume. Ameanguka kanisani, ameanguka shambani, ameanguka kwenye msiba wa mama yake mzazi, na mimi ndiye niliyemlaza ubavu na kumfuta povu kwa kanga yangu huku ndugu zake wa tumbo moja wamesimama mbali wameshika viuno. Kama kuna mtu anayeendana na Kanisius, asiwe mimi awe nani?

Fundi mitambo, binti mmoja anaitwa Tumsifu, alitazama kioo chake muda mrefu. Akaniambia mapigo yangu yana kelele. Alisema kwa upole, lakini alisema, na watu waliokuwa kwenye foleni walisikia. Wakapima dada zake Kanisius, wakapima binamu, wakapima mpaka katekista. Katika watu sitini na wawili mashine ikamchagua Editha.

*

Editha ni jirani yetu ng'ambo ya kijito. Anashona nguo. Mumewe alikwenda migodini miaka hiyo akaoa hukohuko, naye akabaki na cherehani yake, hana mtoto, hana neno na mtu. Anaongea chini chini mpaka unamwinamia kumsikia. Katika maisha yake hajawahi kumgusa Kanisius akiwa ameanguka. Huyo ndiye mashine ilimwona anafaa.

Siwezi kusema uongo, kifungo kilifanya kazi. Tangu kibandikwe Kanisius hakuanguka tena. Na mtu asiyeanguka anapanda juu. Ujana wake alikuwa fundi wa kuezeka, ugonjwa ulipomwanza wakamshusha, na kwa miaka yote ile alikaa chini akinyoosha misumari ya wenzake. Sasa akarudi juu kwenye kenchi za paa. Siku ya kwanza alipopanda paa la jirani nilisimama chini mikono imeshika kichwa, naye akacheka huko juu, akanipungia nyundo. Nililia kwa furaha, naapa.

Furaha yangu haikumaliza mwaka. Siku moja tunakula mchana, mkono wake ukasimama na tonge. Akasema Editha leo hajala kitu. Alisema hivyohivyo tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Wiki nyingine akakataa dagaa ambao alikuwa akiwapenda tangu namjua, kwa sababu Editha dagaa hawapendi. Halafu akaanza kuimba. Yupo uani ananawa miguu, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya pili, sauti wanayoimba wanawake wa kwaya wa mstari wa kulia, na mstari wa kulia anasimama Editha. Miaka kumi na tisa nilikuwa namwambia Baba Nolasko imba, ananiambia hana sauti.

Mafundi wanauita mvujo. Walitueleza mapema kabisa kwamba watu wakiunganishwa muda mrefu, hisia ndogondogo zinavuja kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine: njaa, baridi, furaha, kichwa kuuma. Wakasema hauna madhara. Hauna madhara kwa nani, hawakusema.

Niliona wivu, sina haja ya kuficha. Ingekuwa ule wivu wa kukuta namba ya simu mfukoni mwa mume ningejua la kufanya, maana ule unauliza, mnagombana, mnanuniana siku mbili, yanaisha. Huu wangu ulikosa pa kushika. Hawakuwa wanakutana wala kupigiana simu. Mwanamume alikuwa amekaa kwangu, anakula ugali wangu, na mwanamke mwingine yumo kichwani mwake kwa kibali cha serikali. Na aliyepita nyumba kwa nyumba mpaka mnara ukaja ni mimi mwenyewe.

Nilijaribu kuwa mtu mzima. Nikikutana na Editha kijitoni namsalimia, namuuliza habari za cherehani. Ananijibu kwa ile sauti yake ya chini, anainamisha macho. Nikifika nyumbani nasugua sufuria mpaka Kanisius ananiuliza limekukosea nini.

*

Mwaka wa tatu wa mnara ikaja hesabu nyingine. Kifungo hakiponyi, kwa hiyo walionacho wanahesabiwa bado, na wapya wanaongezwa, na idadi tunayotoa ndiyo inayoamua dawa ngapi na vifungo vingapi vitakuja. Nilimaliza kijiji chote nikiwa na watu hamsini na mmoja. Nyumba ya Editha nilikuwa nimeiruka mara tatu. Mara ya nne nikajikaza nikavuka kijito.

Nilikaa jikoni kwake, nikaomba maji. Nikaangalia ukutani, hakuna sahani iliyotengwa. Nikafungua kishikwambi niandike hakuna, niondoke zangu. Ndipo nikaona figa moja limeng'olewa na moto wa kupikia umehamishiwa nje uwanjani, mahali pa wazi. Nikatazama chumbani, mlango ulikuwa wazi: kitanda kimesimamishwa ukutani, godoro liko chini katikati ya sakafu, mbali na kila kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, akaniambia pasi ilimuunguza. Akajimiminia uji uliopoa. Akaunywa kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, akikwepa upande wa kulia wa ulimi.

Mimi nimepika uji uliopoa miaka kumi na tisa. Ulimi uliong'atwa naujua.

Na papo hapo nikaliona kosa langu, nikaona aibu hata mbele ya kile kishikwambi. Hesabu zangu zote nilizosifiwa nilizihesabu kwa sahani. Mtu anayeishi peke yake atatenga sahani na nani? Wote wanaokaa wenyewe katika kijiji hiki nilikuwa nimewaandika wazima.

Nikamuuliza, "Editha, umeanguka mara ngapi?"

Aliweka kikombe chini. Akasema mbili anazijua, ya tatu hana hakika. Tangu masika. Akasema yeye tangu utotoni alikuwa anaganda kidogo, anapotea dakika moja anarudi, hakujua kama ndiyo huohuo, na mashine siku ile haikuona kitu.

Kanuni inajulikana na kila mtu aliyesaini karatasi za mnara: mtulivu akianguka hata mara moja, anavuliwa kifungo siku hiyohiyo. Bomba linalopeleka utulivu kwa mgonjwa ndilo linaloweza kupeleka kishindo. Siku utulivu utakapokosekana na kishindo kikapita, Kanisius atakuwa juu ya paa la shule, mita saba kutoka ardhini. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kabla ya hofu kuna kitu kingine kilichotangulia, kitu cha kama sekunde moja hivi, nacho kilikuwa ni raha. Nilijisemea: basi, atavuliwa.

"Dada Eufrasia," Editha akasema, "nakuomba usiniandike."

Nikamwambia akiandikwa atapata dawa. Akasema dawa atakunywa, hata leo, nimletee kimyakimya. Akagusa nyuma ya sikio.

"Ila hiki wasikitoe. Nyumba hii haina mtu, dada. Kwa hiki najua kuna mahali mtu ameshiba. Najua mtu amepanda juu na roho yake imekuwa nyeupe. Mimi sina kingine."

"Huyo mtu ana mke," nikasema.

"Najua."

Alisema bila kuinamisha macho, na mimi ndiye niliyeinama. Nikachukua kishikwambi changu, nikaaga. Sikuwa nimeandika kitu.

*

Nilimkuta Kanisius shuleni. Madarasa mapya yalikuwa yameezekwa upande mmoja, upande wa pili mbao tupu, naye amekaa juu ya boriti ya kati, misumari mdomoni, jua la mchana limempiga mgongoni. Nilingoja chini mpaka akashuka mwenyewe kunywa maji. Nikamvuta pembeni, kwenye rundo la mabati, nikamweleza yote niliyoyaona.

Hakushtuka. Nilimtazama usoni nikingoja ashtuke, ajifute jasho, aulize lolote. Alikunywa maji yake, akasonya kidogo.

"Nilijua," akasema.

Akaanza kunieleza. Ile mara ya kwanza alikuwa kwenye karakana anapiga randa. Mdomo ukamjaa ladha ya chuma, mikono ikafa ganzi, akajua si yake, ni ya Editha. Akaacha randa akakimbia. Akamkuta kizingitini kwake, kichwa kinagonga mlango, watu wawili wamesimama njiani wanatazama. Hakuna aliyemgusa.

"Nikamlaza ubavu," Kanisius akasema. "Nikaweka kanga chini ya kichwa, nikakaa naye mpaka akarudi. Nilifanya kama unavyonifanyia wewe."

Angeniambia amelala naye ningepiga kelele watu wakajaa, na pengine ningepona upesi. Kwa hili nilikaa tu juu ya mabati. Kile kitendo kilikuwa changu. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua kumlaza mtu ubavu hivyo, kwa goti nyuma ya mgongo na kiganja chini ya shavu, nilijifunza mwenyewe kwa kumwangalia yeye, na yeye alikuwa hana habari maana kila mara alikuwa hayupo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema hajui, mwili ulijua.

Nikamwambia lazima niandike. Nikamwambia habari ya bomba na kishindo na mita saba. Akasema mara mbili Editha ameanguka, na yeye mara zote mbili alisimama kwa miguu yake. Akaniomba wiki mbili tu amalize paa la shule, ndipo niandike nitakavyo.

"Nimekaa chini miaka kumi na tisa, Mama Nolasko."

"Ukifia juu huko je?"

Akaokota msumari uliopinda, akaupima kwa kidole, akautupa.

"Nikuulize kitu," akasema. "Unaandika kwa sababu ya paa, au kwa sababu yake?"

Ningejibu kwa sababu ya paa angeniamini, ni mtu wa kuamini. Lakini nilikuwa sijiamini mimi. Ukweli ulikuwa upande wangu na roho mbaya ilikuwa upande huohuo, vimeshikana, sikuweza kuchukua kimoja nikaacha kingine. Nisipoandika jina ili nisiwe na kijicho, nimemwacha mume wangu hatarini. Nikiandika ili awe salama, nimempora mwanamke mpweke kitu pekee alichonacho, na nimepora kwa furaha.

Nikaondoka. Alirudi juu.

*

Niliandika siku ya pili asubuhi, nimekaa mlangoni kwangu. Fomu inauliza jina, umri, mara ngapi tangu mwaka jana. Chini kabisa inauliza: je, ni mtulivu wa mtu yeyote? Nikabonyeza ndiyo. Kishikwambi kikaniuliza kama nina hakika. Sababu zangu zilikuwa mbili, zote mbili za kweli, na mpaka leo ukiniuliza ipi iliyobonyeza, sijui.

Tumsifu alifika mchana huohuo na pikipiki ya zahanati. Alimvua Editha kwanza, halafu akaja kumpigia Kanisius simu ashuke. Alishuka. Hakunitupia neno baya, na ningependa angenitupia. Aliwakabidhi wenzake nyundo, akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda karibu na banda la kuku, mikono magotini. Mafundi wengine wakaezeka upande uliobaki. Kutoka pale kwenye kigoda milio ya nyundo zao ilikuwa inasikika vizuri, na kuna siku alisema, msumari ule umeingia kombo.

Hakuimba tena. Siku ya kumi na moja akaanguka.

Nilikuwa nachambua mboga. Nilisikia kuku wakitawanyika, nikajua kabla sijageuka. Nilikuta ameshalala, macho yamepinduka, nikaweka goti nyuma ya mgongo wake, kiganja chini ya shavu, nikahesabu dakika kama nilivyokuwa nikihesabu zamani. Na hapo, mwanamume wangu anatetemeka mikononi mwangu, nilikuwa na furaha. Nalisema kwa sababu hakuna atakayelisema kwa niaba yangu. Nilifurahi kwamba hakuna mwingine kijiji kizima anayejua kuwa Kanisius ameanguka. Alipopumua vizuri furaha ile ikanitoka, nikaona aibu kiasi kwamba nilishindwa kumtazama alipofumbua macho.

Ili nisikae nyumbani, nilirudi kazini. Nilipita kwa kila mtu anayeishi peke yake, wajane, wagane, walioachwa. Sikuangalia sahani tena, niliangalia wanalala wapi na moto wameuweka wapi. Nikapata watano zaidi. Jumla hamsini na saba katika watu wazima elfu moja mia mbili ishirini na sita, zaidi ya arobaini na sita kwa kila elfu. Nikatuma hesabu. Safari hii hawakutuma mtu wa kuhakiki.

*

Wiki ya tano Tumsifu akaja nyumbani. Nilimkaribisha chai, akaizungusha kikombeni bila kuinywa. Akaniambia Kanisius bado hajapata mtulivu mwingine, wataendelea kutafuta vijiji vya jirani wakijenga mnara wa pili. Nikasema nimesikia. Akaendelea kukaa.

Akasema Editha sasa naye ni mgonjwa aliyeandikwa, ana haki ya kifungo, na mashine imepitia vipimo vyote vya zamani vilivyohifadhiwa kumtafutia mtu. Imempata mmoja tu.

"Ni wewe, mama. Zile kelele zako ndizo zinazomtosha. Mapigo ya utulivu wa kawaida hayamfikii."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka chenyewe, kibaya, mpaka Kanisius kwenye kigoda akageuza shingo. Tumsifu akasubiri nimalize. Akasema naweza kukataa, sheria inaniruhusu, na hakuna mtu atakayeambiwa kwamba ilikuwa mimi. Akasema nifikirie pia mvujo. Alijua habari zetu, nadhani kijiji kizima kilizijua.

Nikamuuliza Editha ameanguka tena?

Akasema juzi. Alianguka njiani akitoka kuteka maji, asubuhi watu wanakwenda shamba. Walimpita. Alipozinduka jua lilikuwa limeshapanda na mdomo umejaa mchanga.

Nilimtazama Kanisius. Alikuwa amesikia yote. Zamani angeliona jambo lile kabla yetu sote, angekimbia. Sasa alikuwa amekaa tu, hana habari ya mtu yeyote zaidi yake mwenyewe, na aliyemfanya akae hivyo ni mimi. Nikamuuliza anasemaje. Akasema ubongo ni wangu, uamuzi ni wangu, yeye hatauliza tena ni kwa sababu ya nani.

Usiku ule sikulala, na sina haja ya kueleza nilichowaza, maana kilikuwa kitu kimoja tu kikizunguka. Mtu aliyekuwa kichwani mwa mume wangu miaka mitatu nitamweka kichwani mwangu. Nitajua anapokula. Nitajua anapomuwaza. Sitaweza tena kumchukia kwa mbali kama ninavyopenda.

Asubuhi nikanyoa nyuma ya masikio. Kanisius alisema atanisindikiza.

Kwenye zahanati walitukalisha viti viwili vinavyotazama ukuta. Editha alikuja na gauni alilolishona mwenyewe, mkono bado una kovu bichi. Tulisalimiana. Hakuna aliyesema asante wala samahani, na nilishukuru kwa hilo. Tumsifu akabandika cha kwake, akabandika cha kwangu, kikawa cha baridi, halafu kikapata joto la ngozi. Akatuambia mvujo kwa kawaida unachukua miezi, tusitegemee kuhisi chochote leo. Kisha akatazama kioo chake, akakunja uso, akasema sisi tumeshika haraka mno, hajapata kuona.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhisi. Kidole changu cha shahada kilichoma mahali nisipokuwa na kidonda, nadhani ni sindano ya cherehani. Ulimi uliniuma upande wa kulia. Nilikuwa na njaa ya mtu ambaye hajala tangu jana, ingawa nilikuwa nimekunywa chai na kiporo cha mihogo. Nikafumba macho, nikajiambia, ni hivi tu, haya yanavumilika.

Tumsifu akasema tumemaliza. Kanisius alikuwa amesimama mlangoni muda wote kofia mkononi. Akaingia, akampita Editha na kumwitikia kwa kichwa kwa heshima, akaja kwangu, akanishika mkono ili aniinue.

Ndipo kikanipiga kifuani. Cha moto, kinapanda mpaka kooni, kinauma na huwezi kukitema. Nilikijua mara moja, nani akijue kama si mimi, nimekaa nacho miaka mitatu kwenye sufuria na kijitoni na kitandani. Ulikuwa wivu. Lakini mkono uliokuwa mkononi mwa Kanisius ulikuwa wangu, na mimi pale sikuwa na cha kumwonea mtu wivu. Editha alikuwa ametazama ukuta, mgongo umenyooka, hajatikisika hata kidogo.

Nikamwambia Kanisius aniachie, nitasimama mwenyewe.